Ghala la Mbu: Somo Linalokosekana katika Elimu ya Malaria

Mvua za kwanza zinapoilainisha ardhi, kumbikumbi hutoka vichuguuni kwa maelfu na kuzizingira taa za nyumba. Wanaowapika hawana haja ya kutia mafuta kikaangoni, kwa kuwa wadudu hao hutoa mafuta yao wenyewe na kukaangika humo. Katika Mkoa wa Kagera hali ni hiyohiyo kwa senene, ambao wakishakaushwa karibu nusu ya uzito wao huwa ni mafuta. Mpishi anaijua siri hii kwa macho na kwa pua. Ni wachache, hata miongoni mwa wahudumu wa afya, wanaojiuliza mafuta hayo yalihifadhiwa wapi katika mwili mdogo kiasi kile, na yalikuwa na kazi gani kabla ya kuishia kikaangoni.

Swali hilo laweza kuonekana kuwa la jikoni, lisilo na nafasi katika jarida la afya. Lakini mbu aenezaye malaria naye ana ghala la namna hiyohiyo tumboni mwake, na mengi yanayoamua kama mbu huyo ataishi, atazaa, atavilea vimelea au atakufa baada ya kugusa chandarua hutendeka ndani ya ghala hilo. Elimu ya malaria itolewayo katika zahanati na kliniki mara nyingi humwonyesha mbu kana kwamba ni sindano yenye mabawa: huingia usiku, huchoma, huambukiza, huondoka. Picha hiyo si ya uongo, ila ina upungufu mkubwa. Hoja ya makala haya ni kwamba mhudumu wa afya asiyejua kinachoendelea ndani ya mbu hubaki na amri za kuwapa wagonjwa bila sababu za kuwaeleza, na amri isiyo na sababu huwa ya kwanza kuachwa usiku joto linapozidi.

Ini na ghala kwa pamoja

Mwili wa binadamu umegawa kazi zake. Mafuta huhifadhiwa chini ya ngozi na kuvizunguka viungo vya tumbo, ilhali ini huunda protini za damu, hutunza sukari na kuvunja sumu. Mdudu hana ini. Kazi hizo zote kwa sehemu kubwa hufanywa na tishu moja, ambayo wataalamu wa wadudu huiita mwili wa mafuta. Jina hilo halitoshi kueleza yote yafanywayo humo. Katika makala haya itaitwa tishu ya mafuta.

Ikitazamwa kwa hadubini, tishu hii huonekana kama vipande laini vyeupe au vya manjano hafifu, vyembamba mithili ya utepe, vilivyotandazwa chini ya gamba la mwili na kuuzunguka utumbo. Sehemu yake kubwa imo tumboni. Mdudu hana mtandao wa mishipa ya damu kama wa binadamu. Kimiminika kinachofanya kazi ya damu, yaani hemolimfu, hujaa katika uwazi wa mwili na kuviogesha viungo vyote. Kwa kuwa vipande vya tishu ya mafuta ni vyembamba na vimetawanyika, seli zake ziko karibu sana na kimiminika hicho. Umbo hilo lina maana. Kinachoingia katika hemolimfu hufika ghalani upesi, na kinachotoka ghalani huenea mwilini upesi vilevile.

Seli zilizo nyingi zaidi humo ni za akiba. Ndani yake mna matone ya mafuta, protini, na chembe za glikojeni, ambayo ni sukari iliyofungwa pamoja kwa ajili ya kuhifadhiwa. Mdudu anapohitaji nguvu, homoni kutoka kwenye tezi zilizo karibu na ubongo wake huiamuru tishu hii ifungue akiba. Sukari iitwayo trehalosi humwagwa katika hemolimfu, na mafuta hupakiwa katika protini ya uchukuzi iitwayo lipoforini na kupelekwa kwenye misuli. Nzige wa jangwani, waliovamia Ethiopia, Somalia na Kenya mwishoni mwa mwaka 2019 na katika mwaka 2020, husafiri masafa marefu kwa utaratibu huo: huanza safari kwa kutumia sukari, kisha huendelea kwa mafuta. Kwa upande wa kumbikumbi, dume na jike wanaofanikiwa kujichimbia ardhini huishi kwa akiba waliyobeba, bila kutoka kutafuta chakula, hadi watumishi wa kwanza wa kichuguu kipya wakue. Mafuta yanayowapendeza walaji yalikuwa posho ya kuanzishia makao.

Tishu hiyohiyo ni ngome ya kinga. Bakteria au kuvu wakipenya katika mwili wa mdudu, tishu ya mafuta hutengeneza protini ndogo za kuua vijidudu na kuzimwaga katika hemolimfu. Mwaka 1996, maabara ya Jules Hoffmann mjini Strasbourg, Ufaransa, ilionyesha kwamba nzi wadogo wa matunda waliokuwa na hitilafu katika jeni iitwayo Toll walishindwa kutengeneza protini ya kupambana na kuvu, wakafa kwa maambukizi. Baadaye vipokezi vinavyofanana na hicho vilitambuliwa katika seli za panya na za binadamu, na leo ni sehemu ya msingi ya somo la kinga katika vyuo vya udaktari. Hoffmann alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2011. Daktari anayemhudumia mgonjwa mwenye maambukizi yaliyoenea katika damu anatumia, pengine bila kujua, maarifa ambayo sehemu yake ilichotwa katika ghala la mafuta la nzi.

Damu inavyogeuzwa kuwa mayai

Mbu dume na mbu jike wote hunywa mbochi, yaani maji matamu ya maua, na kuyageuza kuwa akiba ya glikojeni na mafuta. Damu hutafutwa na jike peke yake, na shabaha yake kuu ni mayai. Katika mlo mmoja anaweza kunywa damu inayokaribia uzito wa mwili wake au hata kuuzidi. Akishashiba huwa mzito, na mara nyingi hutua ukutani ndani ya nyumba ili chakula kiyeyuke.

Hapo ndipo ghala huanza kazi yake kubwa. Protini za damu huvunjwa tumboni kuwa asidi amino. Asidi hizo, pamoja na homoni itokayo kwenye ovari, huiarifu tishu ya mafuta kwamba malighafi imefika. Seli zilizokuwa zimetulia hugeuka kiwanda: hutengeneza kwa wingi protini ya kiini cha yai, iitwayo vitelojenini, na kuimwaga katika hemolimfu, nazo ovari huichukua na kuijaza katika mayai. Katika mbu waliochunguzwa maabara, uzalishaji huo hufikia kilele takriban saa 24 baada ya mlo wa damu, na baada ya siku 2 hadi 3 mayai huwa yamekomaa. Anofelesi jike hutaga kati ya mayai 50 na 200 kwa mara moja, kisha hurudi kutafuta damu nyingine.

Hesabu hiyo ndiyo inayopaswa kumfikia mgonjwa. Kimelea cha malaria kilichoingia katika mbu pamoja na damu huhitaji takriban siku 10 au zaidi, kutegemea joto la mazingira, kabla ya kufika katika tezi za mate na kuwa tayari kuambukiza. Katika muda huo hukua kwenye ukuta wa tumbo la mbu na kujichotea mafuta yanayosafirishwa na lipoforini. Yaani hula katika ghala lilelile linalolisha mayai. Na katika muda huohuo mbu atakuwa amekwisha kutafuta damu mara tatu au nne. Basi mbu anayeambukiza malaria usiku wa leo si mgeni wa usiku mmoja. Amelishwa mara kadhaa, na yamkini waliomlisha ni watu wa nyumba hiyo au ya jirani. Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako.

Mtu akilielewa jambo hili, mashauri mengi yanayosikika kama desturi tu hupata maana. Kulala ndani ya chandarua kila usiku kunadaiwa kwa sababu usiku mmoja wa kukiacha ni mlo kamili kwa mbu, unaotosha kukuza uzao mzima. Baba na vijana wanahimizwa kulala ndani ya chandarua kama mama na mtoto kwa sababu ghala la mbu halibagui damu, na mtu mzima asiyehisi homa anaweza kuwa na vimelea damuni bila kujua. Dawa ya ukoko hupuliziwa ukutani kwa sababu ukuta ndipo mbu aliyeshiba hupumzika wakati tishu yake ya mafuta ikiwa kazini. Kuwahi kupimwa na kumaliza dozi humponya mgonjwa, na pia humpunguzia mbu nafasi ya kuokota vimelea vya kuwapelekea wengine.

Lipo pia suala la ukubwa wa ghala mbu anapoanza maisha ya kuruka. Akiba ya kwanza huwekwa majini, mbu akiwa bado kiluwiluwi. Viluwiluwi waliobanana katika dimbwi lenye chakula haba hutoa mbu wadogo wenye akiba ndogo. Katika miaka ya 1950, M. T. Gillies, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, alieleza kwamba majike wengi wachanga wa Anopheles gambiae hawawezi kukomaza mayai kwa mlo wa kwanza wa damu. Hulazimika kutafuta mlo mwingine ili kufidia upungufu wa akiba. Utafiti wa E. O. Lyimo na W. Takken uliochapishwa mwaka 1993, nao kuhusu mbu wa Tanzania, ulionyesha kwamba hali hiyo huwapata zaidi mbu wenye miili midogo. Haba na haba hujaza kibaba, na mbu aliyeanza na ghala tupu hulijaza kwa kuuma tena na tena. Mzazi anayesema kwamba mbu wa nyumbani kwake ni wadogo, hawana neno, anafaa kuelezwa hivyo kwa upole.

Ghala linalovunja sumu

Kazi nyingine ya tishu ya mafuta ndiyo inayogusa chandarua moja kwa moja. Dawa zilizotiwa katika vyandarua kwa miaka mingi ni za jamii ya pairethroidi, zilizobuniwa kwa kuiga sumu asilia ya ua la pareto. Vyandarua hivyo vimefanya kazi kubwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba tangu mwaka 2000 hatua za kudhibiti malaria zilikuwa zimeepusha visa milioni 663 vya ugonjwa huo barani Afrika, na kwamba asilimia 68 ya mafanikio hayo ilitokana na vyandarua vyenye dawa.

Lakini mbu nao wamebadilika. Baadhi wana mabadiliko katika neva, mahali hasa panapolengwa na dawa. Wengine wameongeza vimeng'enya vya kuvunja sumu, hususan vya kundi liitwalo saitokromu P450. Vimeng'enya hivyo hupatikana katika utumbo, katika mirija ya kutolea taka, katika tishu ya mafuta, na katika seli ziitwazo enositi zilizo jirani na tishu hiyo chini ya gamba la tumbo. Enositi hutengeneza pia mafuta mazito yanayolipaka gamba kwa nje. Katika baadhi ya mbu sugu gamba hilo limekuwa nene zaidi, na dawa huchelewa kupenya.

Mbu wa namna hiyo hutua juu ya chandarua, hupokea sumu, na kuivunja kama ini la binadamu linavyovunja dawa za maumivu. Mhudumu aliyesoma somo la dawa anayafahamu mambo haya kwa upande wa mgonjwa. Anajua kwamba vimeng'enya vya P450 vya ini huamua dawa nyingi zitadumu mwilini kwa muda gani, na kwamba dawa moja inaweza kuzuia kuvunjwa kwa nyingine. Jambo ambalo huenda hakufundishwa ni kwamba kanuni hiyohiyo ndiyo iliyozaa vyandarua vipya anavyovigawa.

Aina ya kwanza ni chandarua chenye pairethroidi pamoja na PBO, kemikali inayovilemaza vimeng'enya vya P450 ili dawa ibaki na makali yake. Jaribio kubwa la chandarua hicho lilifanyika Muleba, katika mkoa uleule wa Kagera wenye sifa ya senene. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba maambukizi ya malaria kwa watoto yalipungua pale palipogawiwa vyandarua hivyo kuliko palipogawiwa vya kawaida, na tofauti hiyo ilikuwapo hata baada ya miezi 21. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kuvipendekeza mwaka 2017.

Aina ya pili, yenye klofenapiri, hufuata njia iliyo kinyume. Klofenapiri yenyewe haina makali makubwa. Ni vimeng'enya vya mbu vinavyoigeuza kuwa sumu, nayo huzima uzalishaji wa nishati ndani ya seli zake. Kinachomfanya mbu awe sugu kwa dawa ya zamani ndicho kinachomwangamiza kwa dawa mpya. Katika jaribio la Misungwi, Mkoa wa Mwanza, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022, baada ya miezi 24 asilimia 25.6 ya watoto walionekana na maambukizi pale palipotumika vyandarua vya pairethroidi pamoja na klofenapiri, ikilinganishwa na asilimia 45.8 pale palipotumika vya pairethroidi pekee. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa pendekezo la kuvitumia mahali ambapo mbu wamekuwa sugu kwa pairethroidi.

Jaribio la Muleba lilitoa funzo jingine ambalo halijazungumzwa vya kutosha. Baadhi ya maeneo yalipewa vyandarua vya PBO na pia nyumba zake zikapuliziwa dawa ya ukoko ya pirimifosi-methili. Ingetarajiwa kwamba kinga mbili zizidi moja. Haikuwa hivyo, palipokuwa na vyandarua vya PBO, upuliziaji haukuonekana kuongeza nafuu. Moja ya maelezo yanayotolewa ni kwamba pirimifosi-methili nayo huhitaji vimeng'enya vya mbu ili iwe sumu kamili, ilhali PBO huvizuia vimeng'enya hivyo. Hatua mbili zilizo njema, zikiwekwa mahali pamoja bila kuzingatia yanayotendeka ndani ya mwili wa mbu, zinaweza kupunguzana nguvu. Hilo ni jambo la fedha za umma na la maisha ya watoto, na halimalizwi maabara.

Pingamizi na majibu yake

Wapo watakaosema kwamba maarifa haya ni mzigo. Muuguzi wa zahanati ana foleni ya wagonjwa tangu alfajiri. Atapata wapi muda wa kueleza habari za vimeng'enya na viini vya mayai? Wapo pia watakaosema, kwa haki kabisa, kwamba kaya nyingi hazikosi maelezo bali zinakosa vyandarua, au zina vilivyochakaa, na kwamba baadhi ya mbu huuma nje, mapema jioni, kabla watu hawajaingia kulala. Pingamizi hizo ni za kweli. Elimu haizibi tundu la chandarua, wala haijazi stoo ya dawa iliyo tupu.

Hata hivyo, upo mfano unaoonyesha gharama ya kutojua. Klofenapiri huua polepole, na kipimo chake maabara hungojewa hadi saa 72. Mama aliyepewa chandarua cha aina hiyo anaweza kuamka asubuhi akamkuta mbu akiwa hai juu yake, akahitimisha kwamba chandarua kimeisha nguvu au kwamba amepewa kisichofaa. Akirudi kliniki na malalamiko hayo, akakutana na mhudumu asiyejua namna dawa hiyo inavyofanya kazi, wote wawili watakubaliana katika kosa. Chandarua kitaenda kufunika vifaranga au bustani ya mboga, na kwa mbu atakayerudi usiku hapatakuwa na kizuizi. Ujinga wa dakika moja utakuwa umefuta kazi ya miaka ya utafiti.

Jibu sahihi halihitaji zaidi ya dakika moja pia. Mhudumu anaweza kusema: "Mama, huyu mbu akigusa dawa hii hafi papo hapo. Tumbo lake ndilo linaloigeuza kuwa sumu, na huchukua siku moja, mbili, hata tatu. Ukimwona hai asubuhi usikiache chandarua. Na mbu akinywa damu leo, huitengeneza mayai kwa siku mbili tatu kisha hurudi. Kwa hiyo tulale ndani yake kila siku, na baba watoto naye." Hakuna neno gumu hapo. Ugumu ulikuwa katika kumwandaa msemaji ili ajue analolisema na aweze kujibu swali la pili.

Wala haifai kumdhania mgonjwa kuwa chombo kitupu. Aliyekaanga kumbikumbi bila kutia mafuta ameliona ghala la mdudu kwa macho yake kabla ya kulisikia likitajwa. Aliyemponda mbu ukutani akaona damu anajua kwamba damu hiyo ilikuwa ikingoja kufanyiwa kazi. Elimu ya afya inayoanzia hapo, kwa mambo ambayo watu wameyaona jikoni na chumbani, hukaa akilini kuliko picha ya mbu mkubwa wa kutisha iliyobandikwa kwenye mlango wa zahanati.

Yanayofaa kufanywa

Jambo la kwanza ni mafunzo. Wauguzi, matabibu na wahudumu wa afya ngazi ya jamii hufundishwa mzunguko wa kimelea cha malaria kwa kina katika mwili wa binadamu, na kwa haraka katika mwili wa mbu. Kipindi kimoja cha vitendo, ambamo kila mwanafunzi anampasua mbu chini ya hadubini na kuona tumbo, ovari na vipande vyeupe vya tishu ya mafuta, hakihitaji vifaa ambavyo chuo hakina. Tarehe 20 Agosti 1897, huko India, Ronald Ross aligundua vimelea vya malaria katika ukuta wa tumbo la mbu kwa kumpasua na kumtazama kwa subira. Maarifa yote ya udhibiti wa mbu yaliyofuata yalipita katika mlango huo, na si sahihi kwamba mwanafunzi wa leo aufunge bila kuchungulia.

Jambo la pili ni namna ya kugawa. Mama mjamzito au mzazi wa mtoto mchanga anapopewa chandarua kliniki, aelezwe ni cha aina gani, kinafanyaje kazi, na kitunzwe vipi: kifuliwe kwa sabuni isiyo kali, kianikwe kivulini, kishonwe kikitoboka. Vyandarua vya aina tofauti vinafanana kwa macho. Tofauti zao zimo katika dawa, na anayezijua ni mhudumu peke yake.

Jambo la tatu linawahusu wapangaji wa wilaya na mikoa. Kabla ya kuunganisha aina ya chandarua na aina ya dawa ya ukoko mahali pamoja, swali la kuulizwa si bei na upatikanaji peke yake. Hapana budi kuuliza pia mbu wa eneo hilo ni sugu kwa njia gani, na dawa hizo mbili zitakutana vipi ndani ya mwili wake.

Jambo la nne ni lugha. Muleba na Misungwi ziko katika nchi inayozungumza Kiswahili, na watoto waliopimwa katika majaribio hayo ni wa wazazi wanaozungumza Kiswahili. Ni haki yao kusimuliwa kilichopatikana kwa lugha yao, kwa ukamilifu, pamoja na sababu zake. Vyuo vikuu vya tiba vina wajibu wa kuandika maarifa haya kwa lugha ambayo muuguzi huitumia anapozungumza na mgonjwa, na si kuyaacha katika majarida ambayo muuguzi huyo hatayaona.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa Desemba 2024 ilikadiria kwamba malaria iliua watu 597,000 katika mwaka 2023, na takriban asilimia 95 ya vifo hivyo vilitokea katika Kanda ya Afrika. Mbu waliosababisha misiba hiyo hawakuwa sindano tu. Walikuwa viumbe wenye ghala la kujazwa, mayai ya kukomaza na sumu ya kuvunja, na walirudi kila baada ya siku chache kwa sababu mwili wao uliwadai hivyo. Mhudumu anayelijua deni hilo anaweza kumweleza mgonjwa namna ya kumnyima mbu malipo. Mgonjwa akiielewa sababu, atakishusha chandarua mwenyewe usiku, hata pale ambapo hakuna wa kumkumbusha.